Mkanda wa mzazi haumtoshi mtoto

Mhariri,

Tiketi ya mtoto aliye chini ya miaka 2 huwa nafuu kwa sababu moja tu: haina kiti. Mashirika mengi ya ndege huruhusu mtoto huyo apakatwe, na wazazi huichukua ruhusa hiyo kama uthibitisho kwamba kupakata ni salama. Ni ruhusa ya nauli. Mtoto akishatimiza miaka 2 analazimika kuwa na kiti na mkanda wake. Siku moja kabla ya hapo, mikono ya mama ilihesabiwa kuwa inatosha.

Tupige hesabu. Msukosuko wa hewa ukiitikisa ndege kwa nguvu mara 3 ya uzito, mtoto wa kilo 10 anavuta kama mzigo wa kilo 30, tena ghafla, pengine mzazi akiwa amesinzia. Viti vya ndege za kisasa hujaribiwa kwa nguvu ya mbele ya mara 16. Hapo mtoto yuleyule ni sawa na kilo 160, na hakuna mikono ya kuzizuia.

Kosa baya zaidi tunaloliona ni la mzazi anayejifunga mkanda pamoja na mtoto, mkanda mmoja watu wawili. Ndege ikisimama kwa kishindo, mwili wa mzazi hutupwa mbele na mtoto anabanwa kati yake na mkanda. Mbeleko na vibebeo vya kifuani navyo havikutengenezwa kuhimili nguvu hizo, na nchini Marekani haviruhusiwi wakati wa kupaa na kutua.

Upo pia mkanda mdogo wa kitanzi, unaopitishwa kwenye mkanda wa mzazi kisha kumzunguka mtoto tumboni. Ulaya mhudumu humpa mzazi mkanda huo mkononi. Marekani umekatazwa wakati wa kupaa na kutua. Msomaji atashangaa nani yuko sahihi. Kila upande una hoja: kitanzi humzuia mtoto asirushwe darini msukosuko unapotokea, lakini kwenye ajali mzazi hukunjamana juu yake, na mkanda umekaa kwenye tumbo laini badala ya mifupa ya nyonga. Kwa maoni yetu ni afadhali kuliko mikono mitupu. Hauwi badala ya kiti.

Suala hili si geni. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya shirika la United, safari namba 232, ilianguka ikijaribu kutua Sioux City, Marekani, ikiwa na watoto 4 wa kupakatwa. Kabla ya kutua wazazi waliambiwa wawaweke sakafuni. Mmoja wa watoto hao alifariki. Tangu wakati huo wachunguzi wa ajali wa nchi hiyo wameomba kila mtoto awe na kiti chake, na mamlaka ya anga hujibu kwamba inashauri lakini hailazimishi, kwa hofu kuwa familia zitakimbilia barabarani, ambako vifo ni vingi zaidi. Hoja hiyo ina uzito kwa mtunga sheria. Kwa mzazi aliyekwisha kukata tiketi haina maana yoyote.

Basi mzazi akinunua kiti, afanyeje? Kiti cha mtoto cha gari kinatumika ndani ya ndege kama kina lebo ya kuidhinishwa. Vya Marekani huwa na maandishi mekundu yanayosema kinafaa kwa magari na kwa ndege. Lebo hiyo isibanduliwe, maana mhudumu ana haki ya kuomba kuiona. Pima upana mahali kilipo kipana kabisa: kisichozidi sentimita 41 huingia kwenye viti vingi. Epuka safu ya mbele kabisa, kwani huko sehemu za kuegemeza mikono mara nyingi haziinuki. Kiti kifungwe dirishani ili kisizibe njia ya kutokea, na kamwe si kwenye safu ya mlango wa dharura wala safu inayopakana nayo.

Mtoto aliye chini ya kilo 9 atazame nyuma. Kati ya kilo 9 na 18 anaweza kutazama mbele, ingawa kama kiti chake kinaruhusu kutazama nyuma, aendelee hivyo. Ndege haina vile vishikizo vya chuma vilivyomo kwenye magari, kwa hiyo kila kitu hutegemea mkanda wa kiunoni. Pitisha mkanda kwenye njia yake, kandamiza kiti kwa goti, vuta mpaka kisicheze zaidi ya sentimita 2.5 hapo mkanda unapopita.

Hapo ndipo mambo huharibika. Mkanda wa ndege ni mfupi na kifungo chake huangukia katikati, ndani ya njia ya mkanda au nyuma ya mgongo wa mtoto. Ukivuta haukazi, ukitaka kufungua kifungo hakinyanyuki. Omba mkanda wa kurefushia ili kifungo kihame pembeni, na kigeuze ili ulimi wake ufunguke kuelekea nje. Jaribu kukifungua kabla mtoto hajakaa. Baadhi ya mikanda ya ndege, hasa kwenye madaraja ya juu, ina mfuko wa hewa ndani yake. Huo haufai kufungia kiti cha mtoto, omba kuhamishwa.

Kwa mtoto wa kilo 10 hadi 20 asiyezidi sentimita 100 kuna mkanda uitwao CARES, unaozungushwa kwenye egemeo la kiti na kushika mabega. Ni mwepesi, unaingia kwenye mkoba, ila ni wa ndege tu. Kwenye gari haufai. Kiti cha kumwinulia mtoto kisicho na egemeo hakitumiki wakati wa kupaa na kutua, kwa sababu ndege haina mkanda wa begani.

Tunayaomba mashirika jambo moja dogo: yaandike upana wa viti na safu zenye mikanda ya mifuko ya hewa palepale mzazi anapochagua kiti. Sasa hivi mzazi huyagundua hayo akiwa amesimama kwenye ujia, kiti mkononi, na foleni ya abiria nyuma yake.

Ni sisi,
Wakufunzi wa ufungaji wa viti vya watoto