Moto hauzuki barabarani, Mhariri

Mhariri,

Taarifa yenu ya maandamano ya hapa Malindi nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale pale: "moto ukazuka barabarani, lakini baadaye hali ikarejea kawaida." Zaidi ya miaka kumi nanunua gazeti hili na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Leo hilo "ukazuka" limenikaa kooni. Kinachozuka ni upele. Moto wa barabarani huletwa, anayeuleta ana sababu zake, na hiyo kawaida mnayoisema haikurejea. Nendeni mkaitazame lami.

Mwasema ni hasira. Hasira hushika jiwe. Haizunguki nyuma ya duka la pancha kutoa tairi na kulifikisha makutano. Tairi la gari dogo ni kilo 8 hadi 10, la lori hupita 40, na ndicho kitu kizito pekee mtaani ambacho mvulana wa darasa la sita hukihamisha bila toroli, kwa kuwa hakibebi, hukiviringisha. Halinunuliwi. Halina mwenyewe atakayekwenda kulia kituoni. Likishaungua, gari lolote litageuza, hata lori la polisi litasita. Na lina moshi. Kiwandani mpira huchanganywa na masizi ya kaboni ili uwe imara, ndiyo maana tairi ni jeusi. Likichomwa peupe haliungui likaisha, basi masizi hupanda juu na mtu wa ng'ambo ya mto Sabaki hujua kuna jambo mjini. Bango la kitambaa halionekani ng'ambo ya Sabaki. Wala halionekani kwenye ukurasa wenu wa kwanza, Mhariri. Watu walitembea na mabango asubuhi nzima, nyinyi mkachapa picha ya tairi moja. Kijana aliyeliwasha amejifunza nini hapo?

Si jambo la Malindi peke yake. Wakulima wa Ufaransa huchoma matairi na nyasi kavu mbele ya ofisi za serikali. Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, mwaka 2014 matairi yalikuwa ukuta wa waandamanaji. Gaza, Aprili 2018, yalichomwa ili moshi uwazibe macho wadunguzi wa Israeli ng'ambo ya uzio. Kuchoma jengo, kama sehemu ya Bunge letu ilivyochomwa 25 Juni 2024, ni habari nyingine: hapo huchaguliwa mlango wenye jina, na sheria yetu ya jinai kifungu cha 332 inafika hadi kifungo cha maisha. Tairi ni la kuita watu na kuziba njia.

Wako wanaosema moto hula gesi ya machozi. Hauli. Joto huipandisha kidogo tu, nawe hubaki chini unavuta salfa na benzini ya mpira badala yake. (Wenzetu wa Lamu walipinga moshi wa makaa ya mawe mpaka jopo la mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa hayo Juni 2019. Sasa pima kilo kwa kilo: mpira wa tairi hutoa joto lisilopungua la makaa, na hauna bomba la kuchuja chochote.) Jambo ambalo hamkuliandika ni kwamba ile gesi si hewa. Ni unga laini unaorushwa na moto ulio ndani ya mkebe, na mkebe huo huwa moto kama jiko. Ukidondoka kwenye nyasi za mwisho wa kaskazi, au juu ya makuti, hakuna mwandamanaji aliyewasha kitu hapo. Halafu kuna karai. Watu wakikimbizwa, meza ya mama wa viazi hupinduka, mafuta humwagikia mkaa, na msamaria mwema huja na ndoo ya maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke ghafla ni kama lita 1,700. Huyarusha mafuta yanayowaka mpaka kwenye paa. Karai hufunikwa kwa sufuria au gunia lililoloweshwa likakamuliwa. Lamu mjini ndiko ningeogopa zaidi, maana kule hakuna barabara ya kuunguza. Kuna vichochoro vya kupita punda wawili, boriti na makuti.

Sasa lami, kwa kuwa hapo ndipo "hali ikarejea kawaida." Katika kilo 100 za tabaka la juu la barabara, lami yenyewe ni kama kilo 5. Zilizobaki ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe, na hizo 5 ndizo gundi ya 95. Gundi hiyo huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hivi. Jua la Februari peke yake hulisogelea joto hilo. Weka juu yake moto wa nyuzi mia kadhaa kwa saa nzima. Gundi inaungua, kokoto zinabaki kavu. Kesho yake utaona duara jeusi la ukubwa wa sinia, ukilisugua kwa kisigino kokoto zinatoka kama bisi. Lori la kwanza la chumvi kutoka Gongoni hulimega, mvua ya kwanza hupenya hadi kwenye kitako cha barabara, na wiki ya tatu una shimo. Ndani ya shimo mna waya. Kila tairi lina matita mawili ya waya wa chuma kwenye kingo zake, na la kisasa lina mshipi wa nyaya nyembamba chini ya nyayo. Mpira ukiisha, zinabaki zimetanda kama jarife lililochanika. Siku nne baada ya taarifa yenu, pale pale, bodaboda iliyompakia mama na ndoo yake ya samaki ilichomwa na waya tairi la mbele. Changu na tasi wakatapakaa kwenye vumbi. Mwendeshaji akasukuma pikipiki hadi kwenye duka la pancha lilikotoka tairi lililochomwa, akalipa kuzibiwa. Na shimo lenyewe? Kazi ya haki ni kukata mraba, kuvuka sehemu iliyoungua kwa sentimita 15 kila upande, kuchimba hadi palipo imara, kufagia vumbi lote, kupaka lami nyepesi kwenye kitako na kuta, kujaza mchanganyiko wa moto kwa tabaka zisizozidi sentimita 5 na kushindilia kila tabaka kabla halijapoa. Ofisi inayohusika ilileta koleo mbili za changarawe. Ikamwaga, ikaenda. Na msiniambie hakuna pesa: tangu Julai 2024 kila lita ya petroli ina shilingi 25 za matengenezo ya barabara, awali zilikuwa 18. Yule yule wa bodaboda huchangia kila asubuhi.

Na zimamoto, ambayo kwa Katiba ni kazi ya kaunti, wakija huja na maji. Tairi limepinda; maji huteleza mgongoni na moto hukaa tumboni, na mpira huhifadhi joto, ukaupa kisogo unawaka tena. Dawa ni mchanga, na Malindi tumeukalia mchanga.

Nikiwa hapo hapo kwenye matairi: yasipochomwa yanakaa nyuma ya maduka yamejaa maji ya masika, yanafuga mbu wa mchana. Lamu walioumwa homa ya chikungunya mwaka 2004, wakatembea wameinama kwa maumivu ya viungo, hawahitaji kuelezwa huyo ni mbu gani. Kila afisa anayepita huyaona.

Sheria inataka taarifa ya maandamano ifike kituoni siku 3 kabla, zisizidi 14. Basi siku 3 ni nyingi. Kaunti itoe lori moja, ipite maduka yote ya pancha yaliyo hatua 300 kutoka njia ya maandamano, ilipe shilingi 50 kwa kila tairi, na vibarua wawe vijana hao hao wa makutano. Matairi wapewe mafundi wa akala, na mengine yakafungwe gatini majahazi yasijigonge. Kila duka libaki na pipa la mchanga na koleo. Kama hilo ni gumu, basi kaunti ichapishe orodha ya sehemu za barabara ambazo haina haja nazo, waandamanaji wachague.

Nanyi mtumeni mpiga picha arudi. Hatapotea. Shimo lina upana wa hatua nzima sasa, na majirani wameliwekea alama ili magari yalikwepe: tairi kuukuu, wamelisimamisha wima katikati.

Fundi wa lami,
Barani, Malindi