Daftari za wadudu zisiishie kabatini

Mhariri,

Naomba nafasi niwapongeze majirani zangu wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao una spishi zaidi ya 250 za vipepeo, kwa kuwashirikisha watoto katika zoezi la kuorodhesha wadudu na wanyama wa eneo letu.

Jumamosi iliyopita binti yangu alinionyesha kwenye jani la mlimau kiwavi ambaye mimi, kwa miaka yote niliyochuma malimau ya mti ule, nilimdhania kuwa kinyesi cha ndege. Alipomgusa kwa kijiti, kiwavi alichomoza pembe mbili za rangi ya machungwa zenye harufu kali, naye mtoto akaandika kwenye daftari yake ya wadudu saa, mahali na idadi bila kuambiwa.

Hapa Gede mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua pupa wa vipepeo (kiwavi akiwa ndani ya ganda, kabla hajawa kipepeo) kutoka kwa wafugaji wa vijijini tangu miaka ya 1990, kwa hiyo anayedai kwamba elimu hii ni mchezo tu hajatutembelea.

Ninachowaomba walimu ni kwamba daftari hizo zirudi darasani, na majina ya Kigiriama wanayoyajua wazee yaandikwe kando ya yale ya Kiswahili.

Mzazi,
Gede, Kilifi