Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: naomba Chumba cha Vijana kifunguliwe

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: CHUMBA CHA VIJANA KILICHOFUNGWA KATIKA KITUO CHETU CHA AFYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtoa dawa katika duka la dawa muhimu lililo jirani na maegesho ya malori, katika kata ileile uliyokuja kuzindua chumba hicho cha kuwahudumia vijana kwa faragha. Nimekwisha kukuandikia kupitia kwa mganga mfawidhi, nimekufuata ofisini nikaambiwa uko kwenye kikao. Leo naandika mbele ya watu wote, maana kwa lililotokea juzi uvumilivu umenishinda.

Kuna binti wa miaka 19, anajifunza ushonaji. Alitokwa na uchafu na kuumwa chini ya kitovu, akafanya kile tunachowahimiza vijana wafanye: akaenda kituo cha afya. Pale mapokezi, mabenchi yamejaa, akaulizwa kwa sauti anaumwa nini. Akasema tumbo. Akaambiwa aseme vizuri, tumbo gani. Aliponong'ona, nesi akamjibu kwa sauti ileile kwamba arudi na mwanaume wake, la sivyo aje na mama yake. Mtu mzima wa miaka 19! Akaondoka. Akanywa vidonge vya amoksilini vilivyobaki kwa rafiki yake, akanyamaza. Juzi wamempakia kwenye bodaboda, kakaa katikati ya dereva na shoga yake, homa imempanda, mgongo haunyooki. Hospitalini wakasema maambukizi yameshapanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Wewe ni daktari, unajua mirija ikiziba ni nini kwa binti ambaye hajapata mtoto.

Jioni hiyohiyo mama yake alikuja dukani kwangu kunifokea. Habari zilishamfikia kutoka kwenye yale mabenchi, lakini zilimfikia zikiwa zimegeuzwa: kwamba mimi ndiye ninayewauzia mabinti P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, na kuwaharibu. Alinitukana mbele ya wateja. Sikumjibu. Ningemjibu nini, nami siwezi kutoa siri ya mtoto wake?

Ndugu Mganga Mkuu, hebu ujue ninavyoishi. Vijana wanakuja kwangu jioni giza likishaingia. Anaingia mmoja, ananunua peremende, anasimama pembeni akiangalia rafu za sabuni mpaka wateja waishe, ndipo anasema, "Dada, nina UTI." Namuuliza polepole, naambiwa kukojoa kunachoma na usaha unatoka. Hiyo najua ni nini. Najua pia kwamba kisonono cha siku hizi kimezoea dawa nyingi za zamani, kinataka sindano, na duka langu haliruhusiwi kuchoma sindano. Namwambia aende kituoni. Ananitazama tu. Wengine wanaishia kwa watu wanaochoma sindano vyumbani mwao huko uswahilini, na hakuna anayejua wanachoma nini. Wengine wananigongea nyumbani usiku wa manane. Nikiwapa kisichoruhusiwa, napoteza kibali. Nisipowapa, nalala nikimfikiria mtu aliyerudi na ugonjwa wake. Kina mama wa jumuiya yetu wameacha kununua dawa kwangu, na kodi ya fremu iko palepale. Mzigo huu si wangu. Ni wa kile chumba.

Siku ya uzinduzi nilikuwepo. Ulisema mbele ya Diwani na wanafunzi kwamba kutakuwa na mhudumu aliyefundishwa huduma rafiki kwa vijana, mlango utakuwa wa pembeni ili mtu asipite mapokezi, na chumba kitafanya kazi mpaka saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi. Tulipiga makofi. Sasa nenda ukakione. Ule mchoro wa kijana na binti bado uko ukutani, umeanza kubanduka. Mlangoni kuna kufuli lenye kutu. Ukichungulia dirishani unaona mizani mbovu, godoro lililochanika na maboksi yamepangwa hadi juu.

Wapo wanaosema mradi uliokuwa ukiwalipa waelimishaji rika, yaani vijana wanaowaelimisha vijana wenzao, ulikatika Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada. Inawezekana, maana ni kweli wale vijana wenye fulana walitoweka miezi ileile. Lakini kufuli halilipwi na wafadhili. Jengo ni letu, manesi ni waajiriwa wa serikali, na fedha za kituo siku hizi zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Mimi nadhani kuna kuogopa pia. Kuna wanaoamini kijana akipewa kondomu ndiyo amefundishwa umalaya. Na yule nesi simlaumu peke yake. Zamu nzima anahudumia wajawazito, watoto wa chanjo na majeruhi wa bodaboda, hana hata pazia la kumfichia mgonjwa.

Lakini hofu hiyo serikali yenyewe ilishaiondoa kwenye vitabu vyake. Tangu 2019 sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU kwa ridhaa yake mwenyewe. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 umeonyesha kuwa kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 wamekwisha kuzaa au kushika mimba. Takwimu hizi unazo mezani. Kwa nini basi kwetu binti atunzwe akishakuwa na kadi ya kliniki, na kabla ya hapo afukuzwe?

Na kuna jambo haliwezi kusubiri siku ya kliniki. Binti akibakwa Ijumaa saa nne usiku, dawa za kumkinga na VVU lazima azianze ndani ya saa 72. Jumatatu saa nne usiku muda umekwisha. Anaogopa kusema mapokezi, anakaa Jumamosi, anakaa Jumapili. Nani amempokea hapo katikati? Kwa sasa ni mimi, muuza dawa, ninayebembeleza mtu aniamini aende kituoni, na huko najua ataulizwa kwa sauti.

Siombi jengo jipya. Siombi semina, wala posho, wala kamati nyingine. Naomba chumba kifunguliwe. Yale maboksi yapelekwe stoo. Awekwe nesi mmoja anayejua kunyamaza, kuanzia saa tisa alasiri wanapotoka shule na kwenye ufundi, na Jumamosi asubuhi, na sindano za kisonono ziwepo. Ikishindikana siku zote, basi hata siku tatu kwa wiki. Ikishindikana tatu, anza na Jumamosi, lakini kifunguliwe.

Ufunguo anao mganga mfawidhi. Naomba umwagize.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtoa dawa, duka la dawa muhimu

Nakala:
Diwani wa Kata
Mtendaji wa Kata
Mwenyekiti, Kamati ya Usimamizi ya kituo cha afya