Vijana wabunifu, tutengenezeeni mkanda wa kuzuia damu

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa mashindano ya ubunifu tunaona magazetini vijana wetu na mashine zao za kupukuchua mahindi, mifumo ya umwagiliaji inayoendeshwa kwa simu, pikipiki za umeme. Nawapongeza kwa dhati. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niwaelekeze kwenye kifaa kidogo sana ambacho bado sijakiona kwenye meza zao: mkanda wa kubana mkono au mguu unaovuja damu nyingi, ambao sisi kazini tunauita turniketi.

Mimi ni muuguzi wa dharura katika hospitali iliyo kandokando ya barabara kuu. Majeruhi wengi wa bodaboda tunaowapokea wameumia miguu. Kwa wengi wao, damu husimama kwa kugandamiza kitambaa safi kwa nguvu, bila kuachia wala kuchunguliachungulia, na hilo ndilo la kwanza ambalo kila mtu anapaswa kufundishwa. Lakini ateri kubwa ya paja, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, ikikatika, mtu mzima mwenye lita 5 hivi za damu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Hakuna gari la wagonjwa linalowahi hapo. Anayewahi ni dereva mwenzake, kondakta, mama muuza mihogo. Hao ndio mbunifu awaweke mbele ya macho yake anapochora.

Na watu hawa hawakai wakitazama tu. Wanafunga kwa mpira wa tyubu, kwa mtandio, kwa mkanda wa suruali. Nilimpokea kijana aliyefungwa kamba ya manila juu ya goti, fundo limekazwa hadi ikabidi tulikate. Kamba ilikuwa imezama kwenye nyama, ngozi imechubuka pande zote mbili, mguu umevimba na kuiva rangi ya zambarau, na chini yake damu bado inatiririka. Aliyemfunga alijitahidi kwa uwezo wake wote. Kilichomwangusha ni kamba.

Sababu yake inaeleweka. Damu huingia mguuni kwa ateri, ambazo ziko ndani na zina presha kubwa, na hurudi kwa vena, ambazo nyingi ziko juujuu na ni laini. Ukikaza nusunusu unafunga mlango wa kutokea na kuacha wazi wa kuingilia: mguu unajaa, kidonda kinavuja kuliko mwanzo. Kamba nyembamba nayo inahitaji nguvu nyingi mno ili kuifikia ateri, na nguvu hiyo inaishia kukata ngozi na kuumiza neva. Mkanda wa upana wa sentimita 4 hivi hufikisha mgandamizo ndani kwa nguvu ndogo zaidi. Halafu kuna paja. Mkono wa mtu, hata wa mbeba zege, hauwezi kukaza paja vya kutosha kwa kuvuta tu. Lazima kiwepo kijiti cha kusokotea. Madaktari wa jeshi la Ufaransa walikuwa wakitumia kijiti tangu karne ya 17, na mwaka 1718 Jean-Louis Petit wa Paris akakibadili kwa skrubu. Mkanda uitwao C-A-T, ambao jeshi la Marekani linautumia tangu 2005, bado ni kitu kilekile: utepe mpana wa nailoni, kijiti, na ndoano ya kukizuia kisirudi nyuma. Mshona mabegi wa Kariakoo akiushika mkononi ataelewa ulivyoshonwa. Huko kwao unauzwa dola 30 hivi, fedha ambayo dereva wa bodaboda hawezi kuitoa kwa kitu anachoomba asije akakitumia.

Wapo wanaoogopa kwamba mguu ukifungwa ni lazima ukatwe. Mwaka 2006 daktari wa jeshi la Marekani, John Kragh, na wenzake waliwafuatilia majeruhi katika hospitali ya Baghdad. Waliofungwa kabla ya kuingia kwenye mshtuko wa kupungukiwa damu, yaani mwili kuanza kuzimika kwa kukosa damu, asilimia 90 walipona. Waliofungwa baada ya hapo, asilimia 10. Na hakuna kiungo hata kimoja kilichopotea kwa sababu ya mkanda peke yake. Kwa kawaida saa 2 hazina madhara ya kudumu. Zikipita 6, ndipo madaktari huanza kufikiria kukata.

Hapo kwenye muda ndipo ninapotaka wabunifu wetu wakae zaidi, kwa sababu hakuna mgeni atakayetufikiria. Mikanda ya nje ina kibandiko cha kuandika saa mgonjwa alipofungwa. Msaidizi wa kwetu ataandika 4:00, akimaanisha saa nne asubuhi. Daktari anayesoma saa za hospitali ataona saa kumi alfajiri. Mguu uliofungwa kwa saa moja utahesabiwa kuwa umefungwa kwa saa saba, na uamuzi utakaofuata unaweza kuwa wa msumeno. Kwa hiyo wekeni alama ya jua na ya mwezi, na namba 1 hadi 12 ambazo mtu anaweza kuzitoboa kwa ufunguo wa pikipiki. Usiku barabarani nani ana kalamu?

Jambo lingine ni jua. Mkanda huu utaishi chini ya kiti cha pikipiki Dodoma au juu ya dashibodi ya daladala. Mikanda ya C-A-T iliyokaa wazi kwenye jua na vumbi la Afghanistan ilionekana kuharibika zaidi kuliko iliyohifadhiwa mkobani. Gaza nako, mwaka 2018, daktari Tarek Loubani na wenzake wa mradi wa Glia walichapa mikanda yao kwa printa za 3D kwa kuwa ya kununua haikupatikana. Michoro waliiweka wazi kwa dunia nzima, na hata ilipofeli walieleza ilivyofeli. Huo ndio uungwana wa ubunifu ninaoutamani kwetu. Kijana wa vyuo vya ufundi kama DIT au VETA anaweza kuanzia pale walipofika, akajaribu kijiti cha aluminiamu badala ya plastiki.

Kujaribu si lazima kusubiri maabara ya mamilioni. Bomba la plastiki lililozungushiwa sponji nene, ndani ya sponji mrija wenye maji mekundu yanayosukumwa kwa pampu, vitaonyesha kama mkanda unazuia au unadanganya. Kisha apewe dereva ambaye hajafundishwa, gizani, mikono imepakwa mafuta ya kupikia iteleze kama yenye damu. Akishindwa kukaza ndani ya dakika moja, mchoro ndio urudi mezani, si dereva. Maelezo yawe picha zilizochapwa kwenye mkanda wenyewe: funga umbali wa kama vidole vinne kutoka kwenye kidonda, upande wa kiwiliwili, usifunge kwenye goti lenyewe wala kiwiko, sokota hadi damu isimame, usifungue njiani. Iwepo pia picha ya nyoka iliyopigwa msalaba, maana kwa aliyeumwa na nyoka kufunga kwa kukaza kunadhuru, na najua tukisambaza mikanda hii watu watakimbilia huko.

Mkanda bandia unaokatika ukisokotwa ni hatari kuliko kutokuwa nao, kwa hiyo TBS (shirika la viwango) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) wahusishwe mapema, kabla haujafika madukani. Ukishaidhinishwa, uingie kwenye visanduku vya huduma ya kwanza vya mabasi, ambamo mara nyingi unakuta plasta na chupa ya spiriti tu.

Kwa waandaaji wa MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, nina ombi moja: tengeni kundi la vifaa vya majeruhi wa barabarani, na kwenye meza ya majaji wawekeni wauguzi wa zamu na madereva wa bodaboda, waujaribu kila mkanda kwenye mapaja yao wenyewe kabla ya kutoa alama.

Muuguzi wa dharura,
Morogoro