Ruzuku ya TASAF ilimrudisha bibi shambani kwake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba fedha za TASAF, yaani ruzuku ambayo Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unazipa kaya maskini, zinawafundisha watu wa vijijini kukaa chini ya mti kusubiri siku ya malipo. Sina ugomvi naye. Ila mimi nimelelewa na mlengwa, kama anavyoitwa anayepokea ruzuku hiyo, nimesomeshwa na fedha hiyo, na leo ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye naletewa fomu za mahudhurio za watoto wa walengwa nizijaze. Nimeiona fedha hii nikiwa mtoto, na naiona tena sasa nikiwa na kalamu mkononi.

Bibi yangu aliandikishwa mwaka 2014, wakati Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF unasambazwa nchini. Alikuwa na wajukuu watatu: mimi kidato cha kwanza, na wadogo zangu wawili shule ya msingi. Wazazi wetu walikwisha kufariki. Majina yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji, kaya moja baada ya nyingine, na wanakijiji wakaulizwa kama kweli mhusika ni maskini. Liliposomwa jina la bibi, aliivuta khanga yake mpaka machoni. Hakuna aliyepinga. Tulirudi nyumbani kimya, na alipofika mlangoni aliniambia, "Mjukuu wangu, leo kijiji kizima kimekubaliana kwamba sina kitu."

Nataja viwango vya wakati ule ili msomaji ajue tunazungumzia fedha kiasi gani. Kila kaya ilipata msingi wa Sh10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa Sh4,000. Mwanafunzi wa shule ya msingi Sh2,000, wa sekondari ya chini Sh4,000, kwa sharti kwamba mahudhurio ya mtoto yasipungue asilimia 80. Kwa nyumba yetu jumla ilikuwa Sh22,000 kwa mwezi, nasi tulilipwa ya miezi miwili kwa mkupuo, Sh44,000. Kaya iliyotimiza kila kitu haikuweza kupata zaidi ya Sh38,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo fedha inayosemwa inaleta uvivu.

Bibi hajui kusoma. Siku ya malipo alirudi na noti zikiwa zimefungwa kwenye pindo la khanga, akatandika mkeka, akatuita wote watatu tukae. Alizipanga kwa mafungu, kila fungu akiliwekea kitu juu: punje za mahindi juu ya fungu la chakula, kifungo cha shati juu ya fungu la sare, unyoya wa kuku juu ya lile la mitetea. Kisha alituuliza kama kuna fungu tumelisahau. Mimi nilikuwa nakwenda shule kufundishwa hesabu, lakini bajeti nimejifunzia pale.

Sasa nifike kwenye hoja ya uvivu, maana ndiyo iliyoniandikisha barua hii.

Kabla ya ruzuku, bibi alikuwa mchapakazi kuliko watu wengi kitongojini, na alikuwa na njaa kuliko wengi. Mambo hayo mawili yalishikana. Kwetu ni kanda ya kati, tunalima msimu mmoja. Ikifika Januari ghala lilikuwa limekwisha, na mtu aliyeishiwa chakula wakati wa kulima ana njia moja tu, kibarua. Alfajiri bibi alibeba jembe akaenda kupalilia mashamba ya wenye uwezo, jioni akarudi na fedha ya unga wa siku mbili. Shamba lake mwenyewe, ekari moja na nusu nyuma ya nyumba, lilisubiri. Lakini palizi ina siku zake. Mahindi yakishazongwa na magugu yangali madogo, ukija kuyapalilia baadaye unasafisha shamba tu, mavuno yameshapotea. Kwa hiyo mashamba aliyoyapalilia kwa mikono yake yaliwajazia wenyewe maghala, na yeye akavuna magunia mawili. Magunia mawili hayafiki Januari. Mwaka uliofuata njaa ilianza mapema zaidi, na kibarua kikaanza mapema zaidi.

Siku alizoumwa na kushindwa kibarua alikopa mahindi. Debe moja wakati wa njaa, madebe mawili wakati wa mavuno. Nimewahi kumsaidia kubeba madebe ya deni kutoka shambani moja kwa moja mpaka kwa mwenye kudai, bila hata kupita nyumbani.

Msimu wa kwanza ambao fedha ilifika mwanzoni mwa palizi, bibi alinunua mahindi ya kula ya mwezi na zaidi. Walipokuja kumwita kibarua kama kawaida yao, aliwajibu kwa upole kabisa, "Samahanini wanangu, mwaka huu nina shamba." Ekari hiyo alikuwa nayo miaka yote, lakini sikuwahi kumsikia akisema ana shamba. Tulipalilia wote wanne, sisi watoto jioni baada ya shule na Jumamosi kutwa. Mwaka ule tulivuna magunia saba. Hatukukopa debe hata moja. Mgongo wa bibi uliuma vilevile, jembe lilikuwa lilelile, na alirudi amechoka kama zamani. Nani atamwita mvivu?

Naomba niseme na kuhusu viatu, ingawa wengine wataona ni kitu kidogo. Mdogo wangu wa mwisho alinunuliwa viatu vyeusi vya shule, vya kwanza maishani mwake. Wiki nzima alivibeba mkononi njiani, akavivaa akifika karibu na shule, akavivua tena wakati wa kurudi. Bibi alipomuuliza, alijibu kwamba njia ina mawe. Miaka baadaye nikiwa chuoni nilisoma ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2014 kuhusu majaribio ya ruzuku hii yaliyofanyika kuanzia 2010 katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, nusu yake vikipewa fedha na nusu vikisubiri. Watafiti walikuta kaya zilizopata fedha zimejiunga zaidi na bima ya afya, zimeongeza mifugo, na watoto wao wana viatu zaidi. Nilipofika kwenye viatu nilifunga ripoti nikakaa kidogo.

Kuhusu pombe, siwezi kudanganya kwamba haipo vijijini. Lakini wachumi waliokusanya tafiti za nchi nyingi kuhusu ruzuku za aina hii hawakuona kwamba zinaongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Darasani kwangu mtoto wa mlengwa akikosa siku mbili, mama au bibi yake huwa wa kwanza kufika kuniuliza. Anajua fomu inakuja.

Yapo yanayoniumiza, na haya ndiyo napenda viongozi wayasome.

La kwanza ni wakati. Mwaka mmoja mvua ilikata njia ya kuingia kijijini kwetu na waliotakiwa kuja kulipa hawakuweza kupita. Fedha haikupotea, ilikuja baadaye ikiwa kamili. Lakini ilitukuta palizi imepita. Bibi alikuwa amerudi kibaruani wiki zile za palizi, na mavuno ya mwaka ule yakashuka tena. Fedha ileile, ikija Machi, ilitununulia chakula tu. Ikija Januari ilitununulia chakula na mavuno. Siku hizi malipo ya walengwa wengi yanapita kwenye simu na benki, njia ikikatika fedha inafika. Ninachoomba ni kalenda ya malipo isomwe pamoja na kalenda ya kilimo ya kila eneo. Dirisha, yaani awamu ya malipo, la wakati wa palizi lisichelewe, hata kama mengine yatachelewa.

La pili linahusu simu hizohizo. Wazee wengi hawajui kutumia namba ya siri. Wanampa mjukuu, au wanamtajia wakala kwa sauti mbele ya foleni. Nimemfundisha bibi namba yake kwa mpangilio wa vitufe, juu, chini, kulia, kama alivyokuwa akipanga mafungu yake. Ilituchukua jioni nne. Walimu, watoa huduma wa afya na vijana wa vijijini tunaweza kufanya kazi hiyo bila posho, tukiombwa.

La tatu nimeliona kwa macho yangu enzi za malipo ya fedha taslimu, na nasikia bado lipo kwa sura nyingine. Kiongozi mmoja wa kijiji alikuwa anaketi hatua chache kutoka meza ya malipo na daftari la michango. Mlengwa akishahesabiwa noti zake, anaitwa. Mchango wa darasa, mchango wa ofisi, mchango wa mwenge. Bibi aliwahi kurudi nyumbani siku moja na mafungu mawili badala ya matano, na hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha fedha imekwenda wapi. Hatukatai kuchangia darasa. Mimi mwenyewe nimesomea darasa la michango. Lakini jirani yetu aliyekuwa na ng'ombe 30 hakuna aliyemvizia mnadani. Anayedai mchango wa kijiji amfuate mlengwa nyumbani kwake kama anavyowafuata wengine, siku nyingine, na risiti mkononi.

Wako msomaji,
Mwalimu wa shule ya msingi, mjukuu wa mlengwa