Barua kutoka Chole

Chole, Mafia

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mzee wako, pale karakanani. Mimi sijambo, nami ninakuandikia kutoka Chole, kisiwa kidogo kisicho na magari, nilikofika kwa mashua kutoka Utende, kijiji cha kisiwa kikubwa cha Mafia.

Ningeweza kukueleza habari za magofu ya enzi za Wajerumani, ambayo mizizi ya miti imeyakumbatia tangu makao ya utawala yalipohamishiwa Kilindoni, lakini nilichokiona ufukweni kimenifanya nikukumbuke wewe. Chini ya mwembe, mafundi wawili wanaunda mashua bila mchoro wala mashine. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hawayapindi: hutafuta tawi lililoota likiwa limepinda kadiri wanavyotaka, kisha hulichonga kwa tezo. Matundu ya misumari huyatoboa kwa keekee, inayozungushwa kwa uta mdogo, na nafasi zilizo baina ya mbao huzitia kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta, wakiishindilia kwa patasi na nyundo. Nilimwuliza fundi mkubwa anajuaje kwamba pande mbili zimelingana. Alirudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja, akaniambia nisimame pale nami nitazame. Nilitazama, sikuona kasoro yoyote. Yeye aliiona, akarudi kuchonga.

Hata kazi hiyo hufuata bahari, kama kila kitu hapa. Maji yakipwa, wanawake hushuka mwambani kutafuta pweza. Yakijaa, utawakuta barazani wakisuka ukili wa mikeka, nao hawakuachi upite bila kukukaribisha. Jua likizama, popo wakubwa ambao mchana kutwa huning'inia mitini huvuka bahari kwenda kula matunda Mafia, na mafundi nao huweka tezo chini.

Mashua itashushwa majini siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, mwezi ujao, na wanakijiji watakusanyika kuisukuma. Ninakuomba sana uje. Kutoka Dar es Salaam shika njia ya Nyamisati, upande boti hadi Kilindoni, nami nitakupokea gatini. Nimekwisha kumweleza fundi kwamba ulianza kushika randa ukiwa mtoto, akasema uje na tezo yako mwenyewe.

Nisalimie mzee, na umwambie shikamoo yake nimeituma.

Ni mimi rafiki yako wa daima.