Harambee ya Kompyuta za Darasa la Kwanta

Wahitimu wetu, wazazi na marafiki wote wa idara ya fizikia, hamjambo?

Tunawaita kwenye harambee ya kununua kompyuta 15 zilizokwisha kutumika na projekta moja, kwa ajili ya darasa la mwaka wa tatu la mekanika ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno kama elektroni. Lengo ni shilingi 310,000.

Mliopitia darasa hilo mnalikumbuka. Ubao unajaa mlinganyo wa Schrödinger, ambao ndio msingi wa somo hilo, mwanafunzi ananakili, anaukokotoa vizuri kwenye mtihani, na bado hana picha ya kinachotokea elektroni inapokutana na kizuizi chenye nishati inayozidi yake. Mpira ungerudi. Elektroni, mara nyingine, hutokea upande wa pili. Kwenye mchoro hai wa kompyuta, mwanafunzi anaongeza unene wa kizuizi mwenyewe, kidogo kidogo, akiona wimbi la elektroni linavyofifia humo ndani na sehemu inayopenya inavyopungua haraka kuliko alivyodhani. Hapo ile eksponenti ya ubaoni, inayoeleza kupungua huko, inaanza kumwingia. Wala si mambo ya vitabuni tu: kumbukumbu ya simu zetu hufanya kazi kwa kupenyeza elektroni kwenye tabaka jembamba la kihami, kitu kisichopitisha umeme, namna hiyohiyo.

Programu zenyewe ni bure. Mradi wa PhET, alioanzisha Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, mwaka mmoja tu baada ya kupata Tuzo ya Nobel, hutoa michoro ya aina hii, na mingi ukishaipakua haihitaji bando. Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, nacho kina mkusanyo wake wa kwanta tupu, QuVis. Tulichokosa ni mashine. Kwa sasa vijana wanabanana kwenye simu, na skrini ya simu haitoshi kulinganisha grafu mbili.

Wazazi mmeuliza, na ni haki yenu, kama watoto hawatakaa tu wakitazama katuni. Hofu hiyo hata sisi tunayo. Kwa hiyo kila mmoja ataandika kwanza anachotarajia kuona, ndipo abonyeze. Matokeo yakimkana, anarudi kwenye hesabu kutafuta sababu. Kalamu haiondoki mezani.

Shilingi 18,000 zinanunua kompyuta moja, lakini hata mia mbili tunapokea. Mwenye kompyuta iliyolala nyumbani na bado inawaka, ailete. Fedha apewe mweka hazina wa idara, naye atatoa risiti kwa kila mchango. Hesabu yote itabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Asiye nacho leo atuandikie ahadi.

Kamati ya Harambee